Modeli ya Binti Yangu

Nilianza kumchukia mwalimu wa binti yangu kwa sababu ya sukari. Asubuhi moja binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliketi mezani, akasukuma kikopo cha sukari kando kwa kidole kimoja, akanywa chai hivyo hivyo. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

"Madame anakunywaka bila sukari," akasema. "Mutu anazoea tu."

Anazoea! Kuna miaka katika mji huu wa Bunia ambapo sukari ilikuwa kitu cha wagonjwa na wageni. Nikaitafuta, nikamtilia yeye, mimi nikanywa maji ya moto yenye majani. Leo sukari ipo, na Madame wa watu, aliyetoka Butembo juzi juzi na mabegi yake mawili, ameamua kwamba haifai. Nilikifunika kile kikopo kwa nguvu hadi kifuniko kikapinda. Mpaka leo hakifungi vizuri.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, msomaji asije akanishangaa mbele ya safari. Mimi ni mshonaji. Atelye yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wake unaangalia barabara, na vumbi jekundu linaingia bila kupiga hodi, kwa hiyo ninafuta viganja vyangu kwenye sketi, mbele na nyuma, kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Nina mashine moja nyeusi ya pedali, meza ya kukatia, pasi ya makaa, na ukuta mzima wa modeli. Modeli ni zile karatasi kubwa zenye picha za wanawake waliovaa vitenge vilivyoshonwa kwa namna mbalimbali. Mteja anaingia, anatazama ukuta, ananyoosha kidole: "Mama, nikatie ile." Shule niliiacha katikati ya sekondari. Kiswahili cha kitabu nilikipata kwenye Biblia na redio, na ndicho ninachojitahidi kukiandika hapa, lakini watu wakifungua midomo nitawaacha waseme kama tunavyosema kwetu: njo ni ndiyo, juu ni kwa sababu. Hasira yangu iko karibu. Mdomo wangu uko karibu zaidi.

Baba wa binti yangu alikwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu wakati mtoto hajaanza kutambaa. Akapata mke mwingine huko, dhahabu sijui kama aliipata. Basi tulibaki wawili, mimi na mtoto, na kwa muda mama yangu mzazi, Mungu amlaze pema. Nilichokuwa nacho duniani ni mtoto huyo na mashine hiyo, na niliapa kwamba hivyo viwili havitakutana. Alipokuwa mdogo akigusa pedali nilimpiga kidole. "Weye utasoma," nilimwambia. "Usikuje kukuwa sawa mie." Nilimwambia asubuhi akienda shule, nikamwambia jioni akirudi, hata akawa hasikii tena, kama mtu asiyesikia jogoo wa kwao.

Na alisoma kweli. Akafika mwaka wa mwisho wa sekondari, na katika mwaka huo ndipo Madame akaingia darasani mwao kufundisha Kifaransa.

Nitasema haki yake kwanza, kisha nitakuwa huru. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, labda miaka thelathini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakupiga watoto. Alifika shuleni kabla ya kengele, mvua au jua, na viatu visivyo na tope, sijui alikuwa anaruka. Akiulizwa swali asilolijua alisema, "Hilo silijui, kesho nitawaletea," na kesho yake alileta. Watoto walimpenda hata wale wa nyuma. Haya, nimemaliza haki yake.

Baada ya sukari ikaja leso. Binti yangu alianza kukunja leso mara nne na kuiweka kwenye mfuko wa shati, pembe moja nje. Kisha akabadilisha mwandiko: herufi zote zikalala upande wa kulia. Kisha akaanza kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Unamuuliza mtoto wako kama amekula, anakutazama kwanza, anafikiri, ndipo anajibu! Nilimwambia, "Ni mie mama yako, si inspekteri." Akatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa la kwetu.

Nilikuwa na mtoto mmoja, na nilikuwa ninampoteza ndani ya nyumba yangu mwenyewe bila yeye kwenda popote. Hilo ndilo lililonikaba. Mwanamume akikuacha unajua nyumba ya pili iko wapi, unaweza kwenda kusimama mlangoni ukatukana. Mimi ningekwenda wapi? Ningesimama kwenye mlango wa shule nikasema nini, kwamba mwanangu anakunja leso?

Siku moja Madame alipita mbele ya atelye amevaa ile nguo yake ya buluu nzito yenye kola nyeupe, ambayo wasichana wa darasa lote waliiota. Niliinua kichwa kutoka kwenye mashine nikaitazama kwa jicho la kazi. Mikono ya nguo ilikuwa imekaa vibaya. Fundi aliyeikata, sijui wa wapi, aliiweka mbele mno, kwa hiyo kila Madame alipoinua mkono kitambaa kilivutika kwenye bega. Ee Bwana, furaha niliyoipata! Niliikagua mara mbili kuhakikisha. Siku ile nilikula vizuri na kuimba.

Sasa kitabu. Walikuwa wanasoma riwaya moja ya zamani ya Kifaransa, ya tangu enzi za mababu wa hao Wafaransa wenyewe, iliyopita mikononi mwa wanafunzi wengi hadi jalada likabanduka. Mimi ndiye niliyelishona tena, kwa uzi wa kiatu. Alasiri, kazi ikipungua, binti yangu alikaa kwenye kibao karibu na mashine akanisomea: mstari kwa Kifaransa, kisha anaugeuza kwa Kiswahili, mimi napiga pedali. Sisemi uongo, zile alasiri nilizipenda. Madame alikuwa anamla mwanangu upande mmoja, lakini kitabu chake kilikuwa kinanirudishia kipande.

Hadithi yenyewe ni ya mji mdogo kando ya mto mkubwa. Kuna msichana, baba yake ana mtumbwi wa kuvusha watu. Kuna mjane anayechechemea, ana tanuru la mikate. Mvua inanyesha siku nyingi, mto unapanda, watu wanakimbilia juu ya mapaa. Msichana anachukua mtumbwi wa baba yake peke yake, anavusha watu, anarudi, anavusha, anarudi. Safari ya mwisho anawashusha wazee wawili upande wa pili, anageuza mtumbwi aende kwa wengine, na maji yanamchukua. Nilisimamisha pedali nikalia. Nililowesha kitenge cha mteja.

Nikadhani kimekwisha. Wapi! Tulikuwa hatujafika hata nusu. Kuanzia hapo ni mjane wa mikate: anatoa tope kwenye tanuru, anawasha moto, anakanda unga, anachechemea, analala, anaamka, anawasha moto. Watoto waliobaki bila wazazi wanakuja kuota moto kwake, na kamoja kanakaa kanamtazama mikono. Kurasa na kurasa za unga.

"Hiyo mwanamuke ya mikate ananichokesha," nilisema. "Anafanya nini? Anawasha moto, anakanda, analala. Ata mie nafanyaka vile. Nani aliniandikia kitabu?"

Binti yangu alicheka. "Madame anasema mwandishi alimuweka makusudi."

"Madame anasema, Madame anasema! Madame alikula pamoja na huyo mwandishi?"

Alinyamaza kidogo, kile kinyamazo chake kipya. Kisha akaniambia kwamba Madame amewapa insha ya kuandika, na swali ni hili: katika kitabu hiki nani ni ero, nani ni modeli, na tofauti iko wapi? Halafu kila mmoja atoe mfano wa maisha yake mwenyewe. Ero kwetu ni shujaa, neno hilo hata mtoto mdogo analijua. Lakini modeli, kwa Kifaransa cha shule, ni mtu wa kuigwa, na darasa zima lilikwama hapo.

"Mie naona ni kitu kimoja," akasema. "Mutu mukubwa ni mutu mukubwa."

Hapo nikajisikia. Unafahamu jinsi mtu anavyojisikia anapoulizwa kitu cha kazi yake? Niliacha mashine, nikasimama mbele ya ukuta wangu.

"Weka kalamu chini, uangalie," nikamwambia. "Hii njo modeli. Mutu anakuja, anaonyesha kidole, mie nakata ku kipimo yake. Modeli ni ile unaweka mbele ya macho, na unakata kwa kuifuata. Kesho unaivaa unaenda nayo soko, unaenda nayo kanisa, inakuwa yako. Sasa, fikiri bibi arusi, na ile robe ya kuburuta chini. Watu wanapiga vigelegele mupaka wanakauka koo. Kuna mutu atakuja kesho yake kuniambia, mama, nishonee ile ya kuendea ku kisima? Hakuna. Wanapiga makofi, wanarudia kwao. Ile njo ero."

Alikuwa ameshachukua kalamu tena. Aliandika haraka, herufi zimelala kulia.

"Basi musichana ya mutumbwi ni ero," akasema.

"Kabisa."

"Na mama ya mikate?"

"Huyo si kitu. Huyo ni mama ya mikate."

"Aka, mama!" akasema, lakini alikuwa anacheka, na alicheka kwa sauti yake ya zamani. Nikarudi kwenye mashine nikiwa nimenenepa kwa fahari. Nikajisemea, leo Madame atajua kwamba hata huku barabarani kuna mwalimu.

Wiki mbili baadaye shule iliita wazazi. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikakaa benchi ya mbele. Mkuu wa shule alisema ya kwake, marefu. Kisha akasimama Madame, na ile nguo ya buluu, na mikono yake mibaya. Alisema angependa kuwasomea wazazi insha moja, iliyo bora kuliko zote, ili waone watoto wao wanafikiri nini. Hakutaja aliyeiandika. Alisoma kipande kwa Kifaransa, kisha akakieleza kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ile ya chini iliyofanya watu wote wainame mbele.

Mstari wa kwanza tu nikajua. "Modeli ni ile unayoiweka mbele ya macho, ukakata kwa kuifuata." Yangu! Neno kwa neno! Mama mmoja jirani aliyekaa karibu nami alinipiga kiwiko, kwa sababu hakuna mtoto mwingine darasani ambaye angetaja robe ya bibi arusi na kisima. Niliinua kidevu. Nikatazama Madame machoni wakati anasoma maneno yangu, nikasema moyoni, soma, dada, soma vizuri, hayo yametoka kwenye mashine.

Kisha akafika kwenye mfano wa maisha.

"Kwangu mimi," akasoma Madame, "ero ni mama yangu. Wakati wa vita, watu walipokimbia kutoka upande wa Kilo, alinibeba mgongoni kwa miguu mpaka Bunia, bila kupumzika. Ni kama yule msichana wa mtumbwi. Na modeli yangu..." Hapa Madame alisita, akaona aibu, akataka kuuruka mstari. Watu wakasema, soma! Akasoma. "Modeli yangu ni mwalimu wangu wa Kifaransa. Ninaona kila siku anachofanya, na ninaweza kukifanya."

Makofi, yakhe! Watu waligeuka kunitazama, wakatingisha vichwa, mama mmoja akafuta machozi. Walionijua waliwaambia wasionijua, ni yule, ni yule aliyebeba mtoto. Mwishoni Madame alinijia, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mama," akasema, "niko na heshima mingi kwa weye. Ni mara ngapi mutu anasalimia ero?"

Nikatabasamu kwa meno yote. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimekichimba, nikakichongea ngazi, nikashuka.

Nilirudi nyumbani peke yangu, kwa miguu, nikisema na nafsi yangu hadi wenye pikipiki wakanipisha. Robe ya bibi arusi! Mimi! Wamenipigia makofi na wamerudi kwao. Na yule msichana wa mtumbwi, kwani si alikufa kabla ya nusu ya kitabu? Siku moja amefanya kitu, akapewa machozi, ukurasa ukafunuliwa. Na asubuhi zangu zote nyingine? Nani alipuliza makaa ya pasi, nani alikesha juma la sikukuu na nguo za watu, nani alitia sukari? Mimi ni mama wa mikate! Nilisema hivyo kwa sauti, katikati ya barabara. Mimi ndiye yule niliyemcheka, yule wa kuchosha, na huyo ndiye modeli, ndiye niliyetaka kuwa, na kiti chake amekalia mtu asiyekunywa hata sukari. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna hiyo, hata yule mwanamke wa Mongbwalu.

Lakini kulikuwa na kitu kibaya zaidi, na hicho sasa inabidi nikiseme.

Sikumbeba.

Tulipokimbia, tulitoka nyumbani sote watatu. Mama yangu alikuwa bado na nguvu, akamchukua mtoto mgongoni. Mimi nilifungua kichwa cha mashine kutoka kwenye meza yake, kile chuma cheusi, nikakifunga mgongoni kwa kitenge, na juu yake nikatia kitenge kingine, kama mama anavyomkinga mtoto na jua, ili mwizi asijue. Kwenye njia ya msitu watu walikuwa wengi, kukatokea mshtuko, kila mtu akakimbilia upande wake. Nikampoteza mama yangu. Nikampoteza mtoto. Nilitembea na chuma mgongoni, na watu nilioongozana nao wakaniambia, pole mama, mutoto amelala muzuri. Nikaitikia, ndiyo, amelala. Ningesema nini? Tulipofika Bunia wanawake wa kanisa walinipokea na uji, wakataka kumpokea mtoto. Nikawaambia msimwamshe. Siku mbili nzima nilikuwa mtu mwenye mashine, asiye na mtoto. Siku ya tatu, alfajiri kabla watu hawajaamka, mama yangu akaingia uani na mtoto yuko mzima, anakula ndizi.

Baadaye mwanamke mmoja akashuhudia kanisani kwamba aliniona kwa macho yake nimembeba mwanangu njia yote bila kumshusha. Watu wakasifu. Sikusahihisha. Jumapili ya kwanza nilichoka, ya pili niliona haya, na baada ya hapo hadithi ikawa na miguu yake. Mtoto akakua nayo. Mara nyingine niliisimulia mwenyewe, tena niliisimulia vizuri.

Kesho yake ya mkutano mvua ilinyesha mchana, wateja hawakuja. Binti yangu alirudi kutoka shule amelowa, na insha yake ndani ya mfuko wa nailoni ili isiharibike. Akaiweka mezani mbele yangu, na alama nyekundu juu.

"Umesikia walipiga makofi namna gani?" akasema. "Ulifurahi?"

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa kwenye kibao. Nikamwambia yote, toka skurubu za mashine hadi ndizi. Sikumtazama usoni, nilitazama mashine. Nilikuwa nimeamua usiku kucha: huo uero nitaurudisha kwa mikono yangu. Kama mimi si ero, basi labda nitapewa ile nafasi nyingine. Ndiyo, nilikuwa nafikiri hivyo, sina haya kukuandikia. Hata katika kutubu nilikuwa najaribu kumnyang'anya Madame.

Binti yangu alinyamaza. Safari hii hakikuwa kinyamazo cha Madame.

"Najua, mama," akasema.

"Unajua nini?"

"Tate aliniambia, mbele ya kufa." Tate ndivyo alivyomwita mama yangu. "Alisema nisikuulize kitu, juu ile mashine njo ilinisomesha. Alisema angekuwa yeye, ata yeye angebeba mashine."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, ikabidi tusemane kwa nguvu, mambo ambayo watu huyasema kwa kunong'ona.

"Na juu ya nini uliandika ile uongo?"

"Juu unaipendaka ile hadisi, mama. Nilitaka watu wote waisikie, ufurahi."

Nikajisikia mdogo. Lakini moyo wa wivu hauna adabu, haujui wakati wa kunyamaza.

"Na modeli?" nikamuuliza. "Juu ya nini Madame? Juu ya nini hapana mie? Madame amekufanyia nini mie sikukufanyia? Sema tu!"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho jibu lake liko mezani.

"Mama, modeli ni ile unakata kwa kuifuata. Si weye njo ulisema? Mie nifuate nini ya kwako? Mashine, ulinikataza, ulinipigaka vidole. Kila siku ya Mungu unaniambia, usikuje kukuwa sawa mie." Akaisukuma insha kwangu. "Basi nimekutii."

Mimi, mwenye mdomo, nilitafuta neno. Kila nililolipata lilikuwa ni lile lile, na nilikuwa nimelisema mwenyewe, asubuhi na jioni, tangu akiwa anahesabu kwa vidole. Nilidhani ninamsukuma mbele. Mtoto wangu alisikia tu kwamba mama yake ni kitu cha kukimbia.

Nikasimama kutoka kwenye kiti cha mashine.

"Kuja ukae hapa," nikasema.

"Niko na devuar ya kuandika, mama."

"Itakungoja. Kaa."

Akakaa. Alikaa kwa woga, mikono juu ya mapaja, miguu mbali na pedali, kama vile bado nitampiga kidole. Nikamwonyesha uzi unapopita. Nikamwonyesha gurudumu, jinsi ya kulianzisha kwa mkono ili lisirudi nyuma. Nikamwambia kusoma atasoma, tena mpaka mwisho, sijabadilika hapo, lakini mkono mmoja unaweza kushika kalamu na sindano.

"Tutashona nini?" akauliza.

"Onyesha weye. Ukuta ni ule."

Akageuza macho polepole kwenye modeli zangu zote, zile nzuri, zile za mikono mipana, zile ambazo wake za wakubwa wanazigombania. Hakunyoosha kidole.

"Ile nguo ya Madame," akasema. "Ya kola."

Wivu ulinipanda mpaka kwenye meno. Nikameza. Nikafungua sanduku, nikatoa kipande cha kitambaa cha buluu nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya nguo yangu mwenyewe.

"Mikono ya ile nguo ilikatwa vibaya," nikamwambia. "Siye tutaikata muzuri."

Nikamtandikia kitambaa mbele yake. Naye, kabla ya kukigusa, alishusha viganja akavifuta kwenye sketi yake ya shule, mara mbili, mbele na nyuma, bila kuangalia.

"Nani alikufundisha ile?" nikauliza.

Akainua uso. "Kunifundisha nini?"